Takataka zinazosafisha hewa

1. Pumzi zetu

Watoto, mtu anaweza kukaa siku nyingi bila chakula. Anaweza kukaa siku mbili au tatu bila maji. Lakini bila hewa hamalizi hata dakika kumi. Mchana tunavuta pumzi, usiku tunavuta pumzi, tukiwa macho na tukiwa tumelala. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 15 hivi kwa dakika moja. Fanyeni hesabu ubaoni: 15 mara 60, halafu mara 24. Mtapata pumzi 21,600 kwa siku moja.

Ukikuta maji machafu kisimani, unayaacha na kwenda kisima kingine. Hewa huwezi kuiacha ukangoja nyingine. Ile iliyo mbele ya pua yako ndiyo utakayovuta. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuisafisha.

Mwili wenyewe una kichujio chake cha kwanza, ndicho pua. Ndani ya pua mna vinyweleo na kamasi. Vumbi likiingia, linanaswa pale. Mnataka kuhakikisha? Siku mtakapofagia darasa bila kumwagia maji chini, pangusa pua kwa kitambaa cheupe. Utaona wekundu wa udongo. Udongo ule ungalishuka kifuani kama pua isingaliuzuia.

2. Uchafu wa namna mbili

Hewa inachafuka kwa namna mbili, na sharti tuzitenge.

Namna ya kwanza ni chembe: vumbi la barabara, unga wa kinu, masizi ya moshi. Chembe ni vitu vidogo, lakini ni vitu. Unaweza kuvizuia kwa kitambaa, kama vile mama anavyochekecha unga: ulio laini unapita, pumba zinabaki juu.

Namna ya pili ni hewa nyingine iliyochanganyika na hewa yetu. Hiyo haina chembe za kuchekechwa. Fanyeni jaribio dogo. Funika samaki aliyeoza kwa kitambaa kizito, kisha karibia. Je, harufu imekwisha? Hapana. Imepita katikati ya nyuzi, kama maji yanavyopita katika wavu wa mvuvi. Kitambaa kinashinda vumbi, lakini harufu inakishinda kitambaa.

Basi, kitu gani kinaweza kuinasa hewa mbaya?

3. Makala ni kama ulimbo

Ninyi wavulana mnajua kutega ndege kwa ulimbo. Hamjengi ukuta kumzuia ndege. Mnapaka ulimbo juu ya kijiti, ndege anatua mwenyewe, miguu yake inashikwa. Makala yanafanya vivyo hivyo. Hayachekechi hewa mbaya, yanaishika.

Okota kipande cha makala kilichozimika jikoni, ukivunje. Ndani utaona vitundu. Lakini vile unavyoviona ni vichache. Viko vingine vingi mno, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kila kitundu kina kuta zake, na kila ukuta ni mahali ambapo hewa mbaya inaweza kutua na kushikwa.

Viwandani makala yanatiwa tena katika moto mkali sana, wa digrii 800 hadi 1,000, na mvuke wa maji unapitishwa ndani yake. Mvuke ule unafungua vitundu vilivyozibika na kuchimba vingine vipya. Makala ya namna hiyo yana nguvu kuliko ya jikoni. Gramu moja tu, yaani kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, ina kuta ambazo zikitandazwa zinapita meta za mraba 500. Kama darasa lenu lina meta 7 kwa 8, pimeni: gramu moja ya makala inaweza kufunika sakafu za madarasa karibu tisa!

Lakini kumbukeni ndege na ulimbo. Vijiti vikijaa ndege, hakuna nafasi tena. Makala nayo yakijaa hewa mbaya hayashiki tena. Ndiyo sababu kila kichujio cha makala kina mwisho wake, nacho hubadilishwa.

Wataalamu walikuwa wamejua nguvu hiyo tangu zamani. Mwaka 1854 John Stenhouse, mtu wa Skoti, alionyesha huko London kifuniko cha kinywa na pua chenye makala ndani, ili watu wafanye kazi mahali penye hewa mbaya. Miaka 60 baadaye maarifa hayo yalikuja kuwa jambo la kufa na kupona.

4. Wingu la Ypres

Mwaka 1914 vita kubwa ilianza Ulaya. Wajerumani waliingia Ubelgiji, na karibu na mji wa Ypres majeshi yalichimba mahandaki, yakakaa humo yakitazamana.

Tarehe 22 Aprili 1915, saa za jioni, upepo ulikuwa ukivuma kuelekea upande wa Wafaransa. Wajerumani walifungua mitungi ya chuma zaidi ya 5,000 waliyokuwa wameifukia mbele ya mahandaki yao. Ikatoka hewa yenye rangi ya manjano na majani mabichi, ikatambaa chini kama ukungu. Ilikuwa klorini. Harufu yake mnaijua kidogo: ni kama ya javeli, dawa ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Lakini klorini nyingi inaunguza mapafu, na mtu anakosa pumzi ingawa yuko nje uwanjani. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ilishuka ndani ya mahandaki walimojificha askari. Kati ya askari wa Ufaransa walikuwamo wengi kutoka Algeria. Wengi walikufa, na wengine walikimbia wakishika koo.

Siku zilizofuata askari walipewa vitambaa na pamba zilizoloweshwa dawa, wafunge juu ya kinywa na pua. Vilisaidia kidogo, tena kwa muda mfupi. Mwaka huohuo, huko Urusi, Nikolai Zelinsky alitengeneza barakoa yenye makala yaliyotiwa nguvu kwa moto. Mwaka 1916 Waingereza waliwapa askari wao kisanduku cha kuvaa kifuani. Ndani yake mlikuwa na chembe za makala na dawa nyingine, na mrija ulipeleka hewa iliyosafishwa mpaka kwenye barakoa. Askari alivuta hewa mbaya kupitia kisanduku, ikashikwa njiani, kifuani mwake ikaingia hewa safi.

Mwaka 1917 Wajerumani walileta sumu ya namna nyingine, iliyotawanyika hewani kama vumbi jembamba sana. Ajabu! Ile iliyokuwa hewa makala yaliishika, lakini hili lililokuwa vumbi lilipita katikati ya makala. Mafundi wakaongeza pamba na karatasi ndani ya vichujio. Hapo mnaona lile somo la uchafu wa namna mbili: makala kwa hewa mbaya, kitambaa au karatasi kwa chembe. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

5. Kokwa 200 kwa barakoa moja

Mwezi wa Aprili 1917 Marekani nayo iliingia vitani. Ilipaswa kutengeneza barakoa kwa mamilioni. Makala gani yafaa? Wataalamu walijaribu miti na mbegu nyingi. Makala ya mti mwepesi yalikuwa na vitundu vipana mno, navyo havikushika vizuri. Makala ya kifuu cha nazi yaliwashinda yote. Kifuu ni kigumu na kizito, na makala yake yana vitundu vyembamba sana, vingi sana, vinavyoshika hewa ya sumu kwa nguvu.

Lakini Marekani haina minazi mingi, na vifuu kutoka ng'ambo havikutosha. Basi wakauliza: tuna kitu gani hapa kilicho kigumu kama kifuu? Jibu lilikuwa katika takataka. Watu walikula matunda ya pichi, ambayo ni laini nje na yana kokwa ngumu ndani, kisha walitupa kokwa. Walikula plamu, cheri, zeituni na tende, wakatupa kokwa. Walipasua njugu za miti, wakatupa maganda.

Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliwaomba watu wasitupe tena. Mapipa yaliwekwa madukani na barabarani. Msalaba Mwekundu ulisaidia kukusanya, na maskauti, na watoto wa shule. Watu waliambiwa hesabu hii, iliyo rahisi kukumbuka: kokwa 200 za pichi, au kilo 3 hivi za maganda ya njugu, zinatosha makala ya barakoa moja.

Fikirini basi. Mtoto alikula tunda, akaosha kokwa, akaianika juani, akaitia katika pipa. Alifanya hivyo yeye na ndugu zake na majirani mpaka kokwa zikafika 200. Ng'ambo ya bahari, askari mmoja ambaye hawakumjua aliweza kuvuta pumzi. Kokwa moja haina faida. Kokwa 200 ni uhai wa mtu.

Vita iliisha tarehe 11 Novemba 1918, lakini maarifa hayo hayakuisha. Hata leo Ufilipino, Indonesia, India na Sri Lanka wanatengeneza makala mengi ya vifuu vya nazi, kwa kusafisha hewa na maji. Na sisi tulio mbali na pwani? Tunayo maganda ya ngazi. Wale wanaokamua mawese wanapasua kokwa kwa jiwe, wanachukua kiini, na maganda meusi yanabaki malundo malundo nyuma ya nyumba. Maganda hayo ni magumu kama kifuu, na Malaysia wanayatumia viwandani kwa kazi hiyohiyo. Takataka ya mtu asiyejua ni mali ya mtu anayejua.

6. Kazi ya mikono

Tengenezeni kichujio kidogo cha kuondoa harufu ndani ya kabati au sanduku la nguo. Mwalimu awepo, na moto uwashwe nje.

Vyombo: makopo matatu ya maziwa yenye vifuniko, msumari, kitambaa cha pamba cha nguo kuukuu, maganda makavu ya ngazi. Msichukue kopo lililowahi kutiwa dawa ya wadudu au rangi.

Kwanza, tobolea kifuniko cha kopo moja tundu dogo kwa msumari. Usisahau tundu hilo. Kopo lisilo na tundu linaweza kupasuka motoni.

Pili, jaza maganda, funika, weka kopo katika moto. Moshi utatoka katika tundu. Moshi ukikoma, ondoa kopo kwa koleo, uliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa na moto, makala yataingiwa na hewa, yatawaka na kubaki majivu.

Tatu, ponda makala mpaka yawe kama punje za mchele. Osha unga wake kwa maji, anika juani mpaka yakauke kabisa. Makala yenye maji hayana nafasi ya kushika hewa.

Nne, yafungeni makala katika kitambaa. Kitambaa kinazuia vumbi lisizibe vitundu, makala yanashika harufu.

Sasa jaribuni kazi yenu. Tieni kipande cha ndagala mkavu katika kila kopo la hayo mawili yaliyobaki. Katika moja wekeni na kifuko cha makala. Funikeni yote mawili mpaka kesho. Kesho mwenzenu mmoja afumbe macho, anuse moja moja, aseme lipi lina harufu dhaifu zaidi. Andikeni jibu lake. Mtu wa pili anuse, na wa tatu. Jambo lisilojaribiwa halijajulikana bado.

Kwa vumbi la barabara, tengenezeni fremu ya vijiti yenye ukubwa wa dirisha, mkawambe juu yake kitambaa chepesi cha pamba. Kila juma kifueni. Angalieni maji ya kwanza yatakavyokuwa mekundu.

7. Kichujio kisichoweza

Watoto, sikilizeni sehemu hii kuliko zote. Anayetengeneza kichujio sharti ajue kinashika nini. Sharti ajue zaidi kisichoweza kushika.

La kwanza ni mbabula. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaitwa monoksidi ya kaboni. Kitambaa hakiizuii. Makala ya kichujio nayo hayaishiki. Ni kama ndege asiyetua kamwe juu ya ulimbo. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na usingizi, halafu haamki. Tena msidanganyike mkisema, «Moshi umekwisha, makala yamekuwa mekundu, sasa ni salama.» Hapana. Sumu inaendelea kutoka bila moshi. Usiku wa baridi msilale na mbabula ndani. Mkipika, fungueni mlango na madirisha. Mkimkuta mtu amezimia penye mbabula, mtoeni nje upesi kwenye hewa safi, mkaite watu wazima na mganga.

La pili ni mazuku. Watu wa Goma na Sake, karibu na ziwa Kivu, wanayajua vizuri. Katika nchi ile ya volkano, hewa nzito inatoka ardhini na kujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Ni dioksidi ya kaboni. Kondoo akishuka humo anaanguka, na mtoto anayemfuata kumwokoa anaanguka vilevile. Mtu mrefu anaweza kusimama ukingoni bila kusikia neno, hali mbuzi aliye miguuni pake anakufa, kwa sababu hewa hiyo imelala chini.

Je, barakoa ya makala ingefaa? Haifai hata kidogo. Kichujio kinaondoa kibaya na kuacha kizuri. Lakini shimoni mle hewa nzuri imefukuzwa, haipo ya kutosha. Ukichuja mahali pasipo na kizuri, utapata nini? Kichungi cha unga hakitoi unga penye pumba tupu. Kichujio hakitengenezi hewa, kinachuja tu. Dawa ya mazuku ni moja: msishuke mahali palipokatazwa, na mkiona mnyama ameanguka bondeni, msimfuate. Kimbieni kuwaita wakubwa.

Tena kile kifuko mlichotengeneza si barakoa. Ni cha kuondoa harufu ya sanduku. Barakoa za kazi zinatengenezwa na kupimwa viwandani, kila moja kwa sumu yake, na zimeandikwa inayozuiwa. Asiyeamini hilo anacheza na pumzi yake.

Basi, ganda lililotupwa linaweza kulinda uhai, mradi mikono ya anayelitumia ina maarifa. Kusanyeni maganda, na kusanyeni maarifa pia, kwa maana ganda bila maarifa linabaki takataka.

Maulizo

1. Pua inazuia nini? Kwa namna gani?
2. Uchafu wa hewa ni wa namna mbili. Zitaje, ukitoa mfano wa kila namna.
3. Kwa nini tunasema makala ni kama ulimbo? Na kwa nini kichujio kinabadilishwa?
4. Kulitokea nini karibu na Ypres tarehe 22 Aprili 1915?
5. Kwa nini Wamarekani walikusanya kokwa mwaka 1918?
6. Shule ina watoto 120. Kila mtoto analeta kokwa 15 za pichi. Zinatosha barakoa ngapi?
7. Taja hewa mbili ambazo kichujio cha makala hakituokoi nazo. Tufanye nini mbele ya kila moja?
8. Uliza nyumbani: takataka gani ngumu zinatupwa kila siku? Ziandike, uzilete darasani.

Maana ya maneno

Kichujio: kitu kinachozuia kibaya na kupitisha kizuri.
Kokwa: mbegu ngumu iliyo ndani ya tunda.
Kifuu: ganda gumu la nazi.
Barakoa: kifuniko cha uso.
Masizi: weusi unaoachwa na moshi juu ya chungu au ukuta.
Ulimbo: utomvu mzito wa kunasia ndege.